Basi linatoa moshi mweusi, gari langu halitoi: mazingira yananufaikaje nikipanda basi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Saranga, Kimara, na kazini kwangu ni Posta, Dar es Salaam. Naendesha Vitz ya cc 1,300, na siku nyingi niko peke yangu ndani. Tunaambiwa kila mara tuache magari nyumbani tupande mwendokasi ili kutunza mazingira. Lakini mabasi yale yana injini kubwa za dizeli, na mengine yanatoa moshi mweusi ninaouona kwa macho yangu. Gari langu moshi wake hauonekani kabisa. Tena basi litaondoka hata nisipopanda. Sasa nikiliacha gari, mazingira yanapata nini hasa? Pia kuna fundi ananishauri nifunge mfumo wa gesi niachane na habari za mabasi. Nifuate lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi, na sehemu moja uko sahihi kabisa. Nitaifikia. Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyotoka kwenye ekzosi, kwa sababu kila kimoja kina hesabu yake na madhara yake. Kuna hewa ukaa, ambayo haina rangi wala harufu, hukaa angani kwa mamia ya miaka na ndiyo inayopasha dunia joto. Halafu kuna uchafu unaoumiza mapafu hapahapa barabarani: masizi, chembechembe ndogo, gesi za naitrojeni, kaboni monoksaidi. Moshi mweusi ni masizi. Hauelezi lolote kuhusu hewa ukaa. Basi linaweza kutoka bila moshi hata kidogo na bado likatoa hewa ukaa nyingi, na gari lako linaweza kuonekana safi huku likifanya vivyo hivyo.

Tuanze na hewa ukaa, maana hiyo hukokotolewa kutoka kwenye mafuta moja kwa moja. Lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, na katika hizo karibu gramu 640 ni kaboni. Ikiungua, kila atomu ya kaboni hujifunga na atomu mbili za oksijeni kutoka hewani, ndiyo maana kinachotoka ni kizito kuliko kilichoingia: takriban kilo 2.3 za hewa ukaa kwa kila lita. Dizeli ni nzito zaidi na hutoa takriban kilo 2.7 kwa lita. Hakuna fundi wala kilainishi kitakachobadilisha namba hizi. Kinachobadilika ni idadi ya lita unazochoma, na idadi ya watu waliosafirishwa kwa lita hizo.

Vitz ya cc 1,300 kwenye barabara wazi inaweza kutumia lita 6 au 7 kwa kilomita 100. Kwenye foleni ya asubuhi ya Morogoro Road, AC ikiwa imewashwa, lita 10 kwa kilomita 100 ni makadirio ya haki. Kutoka Kimara hadi Posta ni karibu kilomita 16, kwenda na kurudi 32. Hapo umechoma lita 3.2 na kutoa kilo 7.4 za hewa ukaa kwa siku. Kwa siku 250 za kazi ni lita 800 na zaidi kidogo ya tani 1.8. Kwa kilomita moja ni gramu 230, na zote ni zako, kwa kuwa uko peke yako ndani.

Usichukue namba yangu kama ilivyo. Pima ya gari lako. Jaza tenki mpaka bomba la sheli likate lenyewe, rudisha kipimo cha safari kwenye dashibodi kiwe sifuri, endesha kama kawaida yako wiki mbili, kisha jaza tena kwenye bomba lilelile mpaka likate. Gawanya lita ulizojaza kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 100: hayo ndiyo matumizi kwa kilomita 100. Ukizidisha jibu hilo kwa 23 unapata gramu za hewa ukaa kwa kilomita. Watu wengi wanaodai gari lao linakwenda kilomita 18 kwa lita wanapopima hivi mjini hukuta 10 au 11. Sababu ni foleni: injini ndogo iliyosimama huku AC inafanya kazi hunywa karibu lita moja kwa saa bila kusogea hatua.

Sasa basi. Basi refu la mita 18, lile lenye kiungo katikati, hutumia kama lita 55 za dizeli kwa kilomita 100. Ni mafuta mengi, na macho yako hayakukudanganya kwa hilo. Kwa kilomita moja linatoa takriban gramu 1,485 za hewa ukaa, zaidi ya mara sita ya gari lako. Likibeba watu 100, kila mmoja anabeba gramu 15. Likibeba 40, gramu 37. Likibeba 10 tu, gramu 148. Gawanya 1,485 kwa 230 utapata 6.5. Maana yake basi likiwa na abiria saba tu tayari linakushinda wewe uliye peke yako. Mwendokasi ya asubuhi kutoka Kimara abiria saba huwajaza mlangoni tu.

Hapa kuna kosa ambalo hata watetezi wa mabasi hulifanya: huhesabu basi lililojaa peke yake. Basi linaloshuka mjini saa moja asubuhi limefurika, lakini lazima lirudi Kimara kuchukua wengine, na likirudi halina watu wengi. Kuna pia kilomita za kutoka na kurudi karakana bila abiria. Kwa hiyo hesabu ya haki huchukua wastani wa pande zote mbili. Tuseme watu 100 kwenda mjini na 15 kurudi: wastani ni 57, na kila abiria anabeba gramu 26 kwa kilomita. Kwa kilomita zako 32 ni gramu 830. Linganisha na kilo 7.4. Hata ukiongeza hewa ukaa inayotokana na kuchimba mafuta, kuyasafisha na kuyaleta kwa meli, uwiano haubadiliki sana, kwa kuwa nyongeza hiyo inaiangukia petroli na dizeli kwa kiasi kinachokaribiana.

Na hoja yako kwamba basi litaondoka hata usipopanda? Ni kweli, na inakusaidia wewe abiria kuliko inavyolisaidia gari. Basi hilo tupu lina uzito wa tani 17 au 18. Ukipanda na kilo zako 70 unaongeza chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito, na mafuta yanayoongezeka ni kidogo mno kupimika. Kwa kesho asubuhi, basi, kiti chako ni karibu bure kwa mazingira, wakati gari lako likibaki nyumbani lita 3.2 hazichomwi kabisa. Kwa muda mrefu, abiria wakiongezeka mwendeshaji atalazimika kuongeza mabasi, na ndipo ile gramu 26 inapokuwa hesabu sahihi. Vyovyote utakavyohesabu, uko mbali chini ya 230.

Niongeze jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kwa hewa ukaa peke yake, daladala iliyojaa haiko nyuma ya mwendokasi. Coaster inayotumia lita 18 za dizeli kwa kilomita 100 na kubeba watu 30 inatoa gramu 16 kwa mtu kwa kilomita. Hiace ya Dar au nissan ya Nairobi yenye watu 14 huangukia kwenye gramu 20 na kitu. Siri yake ni kwamba haiondoki kituoni mpaka ijae. Kasoro zake ziko kwingine: injini nyingi ni za zamani na masizi yake ni mengi, injini huachwa ikinguruma kituoni wakati kondakta anaita abiria, na ikiwa njiani inasimama popote anapojitokeza mtu. Anayeishi mahali pasipofikiwa na mwendokasi asidhani hana mchango. Akipanda daladala badala ya gari lake amefanya karibu kazi ileile.

Tofauti kubwa ya mwendokasi na daladala iko kwenye nafasi ya barabara na kwenye kusimama na kuondoka. Na hapa ndipo faida ya usafiri wa umma inapovuka ekzosi ya chombo kimoja.

Gari dogo kwenye foleni, pamoja na mwanya wa mbele, linachukua kama mita sita za barabara. Watu 100 kila mmoja na gari lake ni foleni ya mita 600. Watu hao 100 wakiwa kwenye basi moja wanachukua mita 18 na mwanya wake. Unapoliacha gari, unaondoa mita zako sita mbele ya walio nyuma yako, na kila dakika wanayookoa ni mafuta ambayo hayakuchomwa na injini zilizosimama. Faida hii haionekani kwenye hesabu yako binafsi kwa sababu inaangukia kwa wengine, kama vile foleni unayoiongeza ukiwa ndani ya gari inavyowaangukia wengine. Kupanua barabara hakuondoi tatizo hili kwa muda mrefu. Barabara ikipanuka na kuwa nyepesi, watu waliokuwa wakiahirisha safari wanaanza kusafiri, waliokuwa wakipanda basi wananunua gari, wengine wanajenga mbali zaidi kwa kuwa njia imefunguka. Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane. Wingi wa njia hizo utatunza mazingira iwapo sehemu yake itabaki kuwa ya mabasi, na watu wakayatumia.

Sasa fikiria basi kubwa linaposimama. Basi la tani 25 pamoja na abiria, likifikia kilomita 50 kwa saa, limebeba nishati ya megajuli 2.4. Dereva akifunga breki, nishati yote hiyo inageuka joto kwenye breki na kupotea. Ili kurudi kwenye mwendo uleule, na kwa kuwa injini ya dizeli hugeuza kama asilimia 38 tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, inahitaji mililita 170 hivi za dizeli. Hicho ni karibu kikombe kizima kwa kila kusimama kusikokuwa na sababu. Njia ya peke yake ya mabasi, kama ile iliyoanza kutumika Dar es Salaam Mei 2016 yenye urefu wa takriban kilomita 21, inapunguza vikombe hivyo: basi linasimama kituoni tu na pale penye taa. Gari au bodaboda inayochomekea kwenye njia ya mwendokasi kukwepa foleni inamlazimisha dereva wa basi kukanyaga breki, na gharama yake ni kikombe hicho pamoja na masizi ya kuondoka tena. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi huliona kama kosa la usalama barabarani pekee. Ni uchafuzi wa hewa pia.

Tumefika kwenye moshi mweusi, pale uliposema kweli. Masizi ya dizeli ni hatari. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 2012. Na chembechembe ndogo zenye upana usiozidi maikromita 2.5, ambazo hupita puani na kufika ndani kabisa ya mapafu, shirika hilo linapendekeza zisizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka. Basi bovu linaweza kabisa kuwa na masizi mengi zaidi kwa kila abiria kuliko gari zima la petroli. Anayekuambia basi lolote ni safi kuliko gari lolote anachanganya zile hesabu mbili nilizozitenganisha mwanzo.

Lakini moshi mweusi ni ugonjwa unaotibika. Unatokea dizeli inapoingia kwenye silinda kwa wingi kuliko hewa inayoweza kuichoma. Fundi aanze na chujio la hewa: kwenye vumbi la Dar likiziba, injini inakosa pumzi, na kulibadilisha ni kazi ya dakika chache na gharama ndogo. Afuate mabomba ya turbo, maana ufa mdogo au kibano kilicholegea kinavujisha hewa iliyokwisha kukandamizwa. Kisha nozeli, zikichoka zinamwaga matone badala ya kupuliza dizeli kama ukungu, na tone haliungui lote, kiini chake kinabaki kuwa masizi. Mwisho ni pampu ya dizeli iliyofunguliwa kupita kiasi ili gari liwe na nguvu mlimani, kosa la makusudi ambalo mafundi wanaombwa walifanye. Ukiona moshi wa bluu, hilo ni jambo jingine: oili inaungua kwa sababu ringi za pistoni au mihuri ya vavu imekwisha, na hapo injini inahitaji kufunguliwa. Moshi mweupe asubuhi injini ikiwa baridi huisha wenyewe. Ukiendelea baada ya injini kupata moto, dizeli haiungui au maji yanaingia kwenye silinda.

Mafuta yenyewe si kisingizio tena. Tangu Januari 2015 kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa dizeli ni salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kwa dizeli kama hiyo, basi linalotunzwa halipaswi kuacha wingu jeusi nyuma yake kila linapoondoka kituoni. Ukiliona, andika namba ya usajili, njia, mahali na saa, upeleke LATRA wanaosimamia leseni za usafiri wa ardhini; suala la uchafuzi linaihusu pia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kwa Kenya ni NTSA na NEMA. Malalamiko yasiyo na namba ya usajili hayafiki mbali. Na wewe mwenyewe ukisubiri kituoni, simama upande wa mbele wa basi, mbali na ekzosi, hasa linapoanza kuondoka, kwa kuwa hapo ndipo masizi hutoka kwa wingi.

Tugeukie gari lako lisilo na moshi. Kaboni monoksaidi, gesi za naitrojeni na mvuke wa petroli ambayo haijaungua havionekani kwa macho. Kinachovisafisha ni masega yaliyo ndani ya ekzosi, yenye madini ya platina, paladi na rodi. Madini hayo ni ghali, ndiyo maana magari mengi yaliyotumika hukutwa masega yake yametolewa na kuuzwa, wakati mwingine kwenye gereji ambako mwenye gari aliacha gari kwa kazi nyingine. Mwambie fundi unayemwamini alinyanyue gari akuoneshe. Akigonga mahali palipovimba pakalia patupu, yameondoka. Harufu kali ya petroli nyuma ya gari na taa ya injini inayowaka kwa kosa la P0420, namba ambayo fundi huisoma kwa mashine ya kupimia, ni dalili nyingine. Hata yakiwepo, masega huanza kazi yakifikia joto la nyuzi 250 hadi 300, kwa hiyo kilomita ya kwanza na ya pili unachafua hewa kama gari lisilo nayo. Ndiyo sababu sikushauri uendeshe gari kutoka Saranga hadi Kimara Mwisho kila siku na kuliegesha hapo ukiwa na njia nyingine: ni umbali mfupi ambao masega yanapata moto pale unapozima.

Bodaboda je? Kutoka kwako hadi kituoni tuseme ni kilomita mbili. Kwenda na kurudi nne, na kwa kuwa boda hurudi kijiweni bila abiria, tuhesabu nane. Pikipiki ya cc 125 inatumia karibu lita 2.5 kwa kilomita 100, hivyo ni lita 0.2 na gramu 460 za hewa ukaa. Ukijumlisha na gramu 830 za basi, siku yako yote ni kilo 1.3. Bado ni chini ya moja ya tano ya kilo 7.4. Boda nyingi hazina masega, hivyo kwa mita zilezile zinatoa mvuke wa petroli na kaboni monoksaidi kwa wingi. Ukitembea asubuhi kabla ya jua na kupanda boda jioni unakata hesabu hiyo katikati, na kutembea kilomita mbili kunachukua kama dakika 25. Teksi ya kuita kwa simu ni shauri jingine: inazunguka tupu kutafuta abiria na kumfuata, kwa hiyo kwa kila kilomita unayopanda inachoma zaidi kuliko gari lako mwenyewe. Inafaa usiku au ukiwa na mgonjwa. Kuifanya badala ya basi kila siku ni kurudi nyuma.

Kuna uchafuzi mmoja wa magari madogo ambao hauzungumzwi kabisa: gesi ya AC. Magari mengi ya umri wa gari lako hutumia R-134a, na kilo moja ya gesi hiyo ikivuja hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Mfumo wa gari dogo una karibu gramu 500. Ukivuja wote ni sawa na kilo 715 za hewa ukaa, yaani karibu siku 100 za safari zako za kwenda kazini. Kwa hiyo fundi anayekuongezea gesi kila baada ya miezi michache bila kutafuta tundu anakuuzia uchafuzi. Mwambie atafute uvujaji kwa sabuni au rangi inayong'aa, abadilishe mipira ya maungio au kipoozeo kilichotoboka, avute hewa yote ndipo ajaze. Mabasi yenye AC yana gesi nyingi zaidi na yanapaswa kukaguliwa hivyohivyo, lakini mfumo mmoja unagawanywa kwa abiria wote.

Kuhusu ushauri wa kufunga gesi: kama unalazimika kuendesha, si ushauri mbaya, ila usiutarajie ufanye kazi ya basi. Kilo moja ya gesi asilia inachukua nafasi ya lita 1.4 hadi 1.5 za petroli na ikiungua inatoa kilo 2.75 za hewa ukaa. Lita zako 3.2 zinageuka kilo 2.2 za gesi na kilo 6 za hewa ukaa. Umepunguza kama asilimia 18, na mfuko wako utapata nafuu zaidi ya hapo. Lakini gesi asilia ni methani, ambayo ikivuja bila kuungua huipasha dunia joto karibu mara 28 ya hewa ukaa kwa uzito uleule. Maungio yaliyofungwa vibaya, au injini isiyosetiwa vizuri inayopitisha gesi bila kuichoma, yanaweza kula nafuu yote hiyo. Mtungi ukipimwa kwa wakati, mabomba yakikaguliwa kwa sabuni, na fundi akiwa na kibali, faida inabaki. Kwenye basi gesi ina maana kubwa zaidi, kwa kuwa inaondoa karibu masizi yote ya dizeli. Mabasi ya gesi yaliyoletwa kwa njia ya Mbagala yanajibu hasa lile lalamiko lako la moshi mweusi. Mabasi ya umeme yanakwenda mbali zaidi: basi la mita 12 linatumia kama uniti 1.2 kwa kilomita na halina ekzosi kabisa. Nairobi na Kigali zimeanza nayo, na Kenya ina bahati ya umeme unaotoka kwa sehemu kubwa kwenye jotoardhi, maji na upepo.

Basi kwa wiki yako. Sikuambii uliuze gari. Kuna siku ya kumpeleka mtoto hospitali, siku ya mzigo, siku ya kutoka kazini saa nne usiku. Chagua siku tatu katika tano ambazo huna safari za katikati ya siku, uzifanye za basi. Kila siku ya basi inakuokolea kilo 6 za hewa ukaa, kwa wiki 18, na kwa wiki 48 za kazi unakaribia kilo 870. Ukiweza kuondoka nusu saa kabla au baada ya msongamano wa saa moja, utapata nafasi, na basi ambalo lingekwenda na viti vitupu litakuwa limepata mtu. Siku mbili za gari, beba majirani watatu wanaokwenda mjini. Mkiwa wanne, gari lako linashuka hadi karibu gramu 60 kwa mtu kwa kilomita, hata ukihesabu mafuta kidogo yanayoongezeka kwa uzito wao. Hapo basi linahitaji abiria 25 hivi ndipo likushinde, na saa za mchana wakati mabasi yana watu wachache, gari lililojaa halina cha kuonewa haya.

Kitu kimoja cha kuepuka ni kuliacha gari barazani kwa wiki nzima kisha ndugu au kijana wa nyumbani akaanza kulitumia kwa safari ambazo zamani alikwenda kwa miguu. Andika kilomita zilizo kwenye dashibodi tarehe 1 ya kila mwezi. Kama umepanda basi siku 12 kwa mwezi, namba inapaswa kupungua kwa kilomita 380 hivi ikilinganishwa na mwezi wa kawaida. Isipopungua, mafuta bado yanachomwa, na ufunguo uko kwa mtu mwingine.